Mie Vlas Anaolewa Ugenini

Kwetu Westhazele, kijiji cha Flandria nchini Ubelgiji, jitu la kike la maandamano likiposwa hukataa mara mbili. Mara ya kwanza linajitikisa na kupiga kelele "Sitaki!" Mara ya pili linapiga kelele tena na kumgeuzia bwana harusi mgongo. Ya tatu ndipo linainama, watu wanarusha kofia, bendi inaanza. Halijapata kutokea jitu likakubali papo hapo. Watu wangesema limenyweshwa bia. Anayepiga kelele na kuinama, bila shaka, ni mtu aliye chini ya sketi, mikanda ya fremu mabegani, akichungulia kwenye kidirisha kilichofichwa nyuma ya aproni. Kwa jitu letu, Mie Vlas, mtu huyo ni mimi, Odiel, na nimekuwa huko chini tangu enzi nilipokuwa na nywele.

Mie ni mvunaji wa kitani. Mwili wake ni fito zilizosukwa, kichwa ni karatasi na gundi, pua nyekundu, kifua cha kutisha, na kimo chake kinafika madirisha ya ghorofani. Miaka yote hiyo hakuwa ameolewa, na kijiji hakikuchoka kumtania kwa hilo. Nguo zake alizishona marehemu mke wangu, Lutgart. Mwaka ule nondo walipomtafuna Mie nywele zake za kitani za mbele, Lutgart alikuwa ameambiwa hospitalini kwamba dawa zitamnyonyoa zake. Hakungoja. Alikaa jikoni, akasuka msuko mmoja mrefu, akanipa mkasi. Nilikata mimi. Kisha akazishona zile nywele kwenye paji la Mie na kando ya masikio, pale upepo unapopenda kuchezea. Rangi ilikuwa ile ile ya kitani kilichozeeka, hakuna aliyegundua.

"Usimwambie mtu," aliniambia. "Wakijua wataanza kumvulia kofia. Mie ni wa kuchekwa, Odiel. Mwache achekwe."

Nikaahidi. Yeye hakufika hata majira ya maua.

Tangu hapo kila maandamano nilitembea chini ya nywele za mke wangu huku kijiji kizima kikicheka, na wala sikuona vibaya. Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya. Nyumba ya watu wawili mtu mmoja haijazi, hata awashe redio katika kila chumba. Mie alikaa kwenye ghala la zamani la kitani, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Jumapili nikishanunua mikate yangu nilipitia kumpangusa vumbi, nikapanda ngazi, nikamtengeneza nywele kwa vidole. Mkate nilikula palepale, nimekaa juu ya ngazi.

Kisha akaja Bibi Liesbet kutoka ofisi ya utamaduni ya Brussels. Mwanamke mwema, sina kinyongo naye. Kazi yake ni kuipeleka Flandria nje ya mipaka: leo wapiga kengele za minara, kesho waimbaji, keshokutwa sisi na majitu yetu. Kamati ilikutana naye kwenye baa ya Marnix, ambaye ndiye mwenyekiti kwa sababu viti ni vyake. Vipande vya jibini vilikuwa mezani, na haradali.

"Mji wa Vallroja, huko Katalunya, Uhispania, nao una majitu," alisema Bibi Liesbet. "Wana mmoja anaitwa Bernat. Ghala lao lilishika moto, mkewe akaungua. Wangependa kufunga udugu na mji wa Flandria, nami nikafikiria harusi."

"Mgane!" Marnix alidakia. "Ana chochote huyo bwana?"

"Ana mashamba ya zabibu."

"Basi ameshaoa. Jamani, nani wa kupinga? Binti yetu amekaa nyumbani mpaka fito zinalia."

Walicheka. Meya wetu, Bwana Godfried, alicheka mpaka akatafuta leso. Niliona hata mimi natabasamu, uso una mazoea yake.

"Na akishaolewa atakaa wapi?" niliuliza.

"Kwa mumewe, wewe naye!" Marnix alinipiga bega. "Umeona wapi mke wa kutumiana kadi za Krismasi? Sisi tutaunda Mie mwingine, mwembamba mwembamba, na mgongo wako upumzike, mzee. Huoni tunakuhurumia?"

Meya akanigeukia. "Odiel, wewe ndiye umembeba. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Nikamkumbuka Lutgart na sindano yake mdomoni, nikawatazama wale wanaume na midomo yenye haradali, nikajua wakiambiwa watainamisha vichwa wote kwa pamoja, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayemcheka Mie tena.

"Jumanne itanyesha," nilisema.

"Haya, imepita," alisema Marnix.

Ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu umkute amevunjika mguu shambani, atakuuliza viazi vyako vinaendeleaje. Yule Bibi Liesbet, mtu wa mjini, alinitazama kidogo zaidi kuliko wengine, lakini hakuuliza kitu.

Wakatalunya walikuja kwenye sikukuu yetu ya Julai, bendera za simba wa Flandria zikiwa kila dirisha. Mbebaji wa Bernat aliitwa Quim, mtu mzima mwenye masharubu, hajui neno la lugha yangu nami sijui la kwake. Alifungua vifungo vya shati akanionyesha alama za mikanda mabegani. Nikafungua vyangu nikamwonyesha zangu. Akaguna, nikaguna. Nadhani kwa mwaka ule hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kupita yote.

Kwenye maandamano Bernat alitangulia na mimi nikafuata na Mie. Jitu zuri, ndevu nyeusi, taji la mizabibu. Lakini alitembea upande upande. Barabara ilikuwa pana na tupu, naye alijibana kulia, karibu na kuta, mpaka taji likakwaruza kibao cha duka la mikate.

"Amelewa huyo!" mtu alipiga kelele. "Bwana harusi kalewa kabla ya kanisa!"

Hakuwa amelewa. Mimi niliona kupitia kidirisha changu. Alikuwa akimwachia mkewe aliyeungua nafasi upande wa kushoto. Quim alikuwa amezoea kutembea hivyo na miguu yake haikuwa imeambiwa habari za moto. Mimi hadi leo nalala ukingoni mwa kitanda, upande wa ukutani.

Tukafika uwanjani mbele ya ofisi ya meya. Bibi Liesbet alisoma maneno mazuri kuhusu urafiki wa watu wa kaskazini na wa kusini. Bwana Godfried akavaa utepe wake wa umeya, akapaza sauti:

"Mie Vlas, mvunaji wa kitani, binti wa Westhazele! Unakubali kuolewa na Bernat wa Vallroja na kumfuata kwake?"

Chini ya sketi kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya nondo. Nilikuwa nimejiandaa kutoa ile sauti nyembamba ya mzaha. Ikatoka yangu.

"Sitaki!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mie hata sikumtikisa. Nilikuwa natetemeka mwenyewe, ikatosha.

"Safi, Odiel!" Marnix alinguruma. "Leo umeweza!"

"Mie Vlas," meya alirudia huku akijizuia kucheka, "kwa mara ya pili nakuuliza. Unakubali?"

"Sitaki," nilisema. "Godfried, nakuomba. Sitaki. Mniachie."

Walipiga makofi. Walipiga miguu chini, wengine wakafuta machozi ya kicheko, na mama mmoja karibu na sketi akasema, "Mwaka huu wamefanya mazoezi kweli." Sikumgeuza Mie mgongo. Nilisimama tu na mikanda yangu, katikati ya watu wote ninaowajua duniani, na sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile.

Bernat alikuwa mbele yangu, hatua chache tu. Kwenye tumbo lake, kati ya vifungo vya koti, kulikuwa na kidirisha kama changu, na ndani yake macho ya Quim. Hayakuwa yakicheka. Hakuelewa neno hata moja, kwa hiyo hakuwa na cha kusikiliza isipokuwa sauti. Tukatazamana. Kisha Bernat, polepole, akarudi nyuma. Hatua moja, nyingine, nyingine tena, mpaka akafika kwenye ngazi. Akatulia pale, amejibana kulia, na kushoto kwake pale pale patupu.

Hilo halikuwemo katika desturi. Meya alimtazama Bibi Liesbet, Bibi Liesbet akatazama karatasi zake.

Mie sasa alikuwa wangu. Ningeweza kumgeuza nikaenda naye ghalani na kufunga mlango. Mtu mmoja alikuwa amenisikia na kuniachia, na huyo alitoka mbali kuliko wote. Nikaitazama ile nafasi kando ya Bernat. Naijua ile nafasi. Naitandika kila asubuhi.

Nikainama. Niliinama chini sana, mpaka nikasikia fito zikilia mgongoni na nywele za mbele zikipepea kwenye upepo. Kofia zikaruka, bendi ikaanza, na nikafurahi kwamba sketi ya Mie ni nene.

Kesho yake walipompakia kwenye lori nilimshika Quim mkono. Nilionyesha mbingu, nikachezesha vidole kuwa mvua, nikagusa nywele za mbele za Mie, nikatikisa kichwa: hapana, isifike hapa. Akakunja uso. Nikatoa mfukoni kikofia cha mvua cha Lutgart, kile cha plastiki chenye kamba ambacho kina mama wetu hukikunja na kuficha kwenye pochi, nikakivaa mwenyewe na kukifunga kidevuni. Wapakiaji walinicheka. Quim alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja mikunjo ile ile, akakitia kwenye mfuko wa shati. Lori likaondoka, nami nikamrudishia meya ufunguo wa ghala.

Jumapili baada ya hapo nilikula mkate wangu nyumbani. Sikuwa na hamu nao.

Mwezi wa kumi Marnix aliniita kutoka ng'ambo ya barabara. "Njoo uone binti yako, mzee! Bibi Liesbet ametuma picha. Jamani nimecheka mpaka mbavu zinauma."

Baa ilikuwa imejaa. Simu ilipita mkono kwa mkono hadi kwangu. Maandamano ya Vallroja, mvua inamwagika, majitu yote yamelowa na Bernat ndevu zinachuruzika. Kushoto kwake alikuwa Mie, na kichwani amevaa kikofia cha mvua cha plastiki, kikubwa cha kutosha kufunika gari, kimeshonwa mikunjo kama ya kile cha Lutgart, kamba imefungwa kidevuni. Nywele za mbele zilikuwa kavu. Unaziona chini ya plastiki.

"Kama bibi yangu akienda sokoni!" alisema Marnix. "Nani kawapa wazo hilo? Karatasi tu na kitani, wanamfunika kama mgonjwa!"

Sikuweza kuirudisha ile simu. Lutgart aliniambia Mie achekwe, na Mie alikuwa akichekwa, lakini hakuwa kwetu tena, hata wangetaka kumvulia kofia.

"Si kitani," nilisema. "Pale mbele ni nywele za Lutgart. Alizishona mwenyewe."

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Mtu aliweka glasi chini. Marnix alishika kitambaa chake, akafuta meza ambayo haikuwa na kitu, akafuta tena.

"Odiel," alisema mwishowe, sauti imemshuka. "Ndugu yangu. Mbona hukusema?"

"Nilisema," nikamjibu. "Nilisema mara mbili. Mkanipigia makofi."