Penseli ya Orpah

Mwaka wa sabini na moja hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye studio ya picha pale Ogembo ila Orpah, na sifa yake ilikuwa penseli. Kabla ya kuchapisha picha aliichonga penseli hiyo ikawa kali kama sindano, akaigusagusa filamu nayo, na chunusi, kovu, kila dosari ikatoweka usoni.

Ndiyo maana Angwenyi alimleta kwake mkewe, Bitutu, jicho likiwa limevilia damu. "Mtengeneze apendeze," alisema. Orpah akatengeneza. Ya mtu na mkewe hayaingiliwi, alijiambia, kama waoga wote wanavyojiambia.

Sasa Bitutu amezikwa. Mumewe alisema aliteleza mtoni. Mama yake Bitutu akaja studio kutafuta kumbukumbu, akaishika ile picha kwa mikono miwili.

"Kumbe alitunzwa," akasema. "Nami nilimdhania mkwe wangu mabaya. Kesho nitakwenda kumwomba msamaha."

Orpah akamshika mkono. "Huendi popote, mama! Ingia huku."

Akamwingiza kwenye chumba cha giza, akaitoa ile filamu, akafuta alama zote za penseli kwa pamba yenye tapentaini, akachapisha upya. Ndani ya karai la dawa uso ulijitokeza polepole, jicho likitangulia, jeusi kama masizi.

Mama hakulia. Aliitazama karatasi mpaka uso ukakamilika.

"Toa nyingine, mwanangu," alisema. "Bitutu ana kaka zake."