Mzizi Uliopanda Jikoni kwa Arvo Sarkela

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, Arvo Sarkela aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha chini ya nyumba yake, akalimwagia maji ya vuguvugu tofali la makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa. Tofali lenyewe lilikuwa dogo kuliko Biblia ya kanisani. Likanywa maji, likavimba, likapasuka, mwisho likajaza beseni zima, unga wa kahawia mtupu. Arvo ni mtu wa theluji na misonobari. Nazi aliijua ya kwenye keki tu. Akachota unga kiganjani, akanusa, akaona hauna harufu ya chochote. Akaridhika.

"Ndiyo udongo wenyewe huo?" aliuliza Lempi, mkewe, kutoka juu ya ngazi.

"Si udongo. Ni makumbi."

"Haya, bwana makumbi. Kahawa inapoa."

Huku kwetu Soo, mji wa mpakani na Kanada, upande wa Michigan, Marekani, sheria ilishabadilika zamani. Mtu hupanda bangi nyumbani kwake kama anavyopanda nyanya, na duka la bangi limepakana na la viatu. Arvo alikuwa wa mwisho kukubali. Alikuwa akisimama baada ya ibada, kikombe mkononi, akasema bangi imeharibu vijana, na sisi tunatikisa vichwa ili amalize tupate keki. Lakini vidole vya Lempi vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi, hata kufunga kifungo cha sweta ilikuwa kazi. Tangu aolewe, kila Jumamosi Lempi alikuwa akikanda mkate wa iliki wa kuliwa watu wakitoka sauna, chumba cha kuogea mvuke. Sasa mwaka mzima hapakuwa na mkate. Daktari mwenyewe ndiye aliyesema jaribuni mafuta ya bangi. Basi Arvo akanunua hema la kuoteshea, taa, vyungu vya kitambaa na mbegu, akaanza.

Miche ilitoka vizuri, kisha ikaugua. Majani yakawa ya njano pembeni, ncha zikakauka kama zimepitiwa na moto. Arvo alijua vizuri nani angeweza kumwambia shida ni nini. Alikaa nayo wiki nzima kabla ya kwenda kugonga mlango wa jirani.

Jirani ni Duane Paquin, mwanamume wa miaka hamsini na ushei ambaye Arvo bado humwita kijana. Zamani, sheria ilipokuwa sheria nyingine, Duane alilima bangi katika chumba cha chini cha mama yake, Rosella. Mtu alipiga simu. Askari wakaja alfajiri na mbwa, na Duane akaenda jela miaka minane. Rosella alizikwa mwanawe akiwa ndani. Binti wa Duane, Shawna, alikulia kwa mama yake ng'ambo ya mto, Kanada, akaolewa hukohuko, na sasa ana mtoto. Kutoka kwetu unaona nyumba yao. Mto si mpana. Lakini mwenye rekodi ya jela hapiti kwenye daraja la mpakani. Duane kajaribu mara nyingi. Mara ya mwisho askari wa ng'ambo, kijana mwenye adabu zake, alimwambia, "Pole, mzee wangu. Bangi hata sisi siku hizi tunauza. Lakini wewe geuza gari."

Aliyepiga simu hakujulikana.

Duane alishuka chumba cha chini, akatazama miche, akachovya kidole kwenye maji yaliyochuruzika chini ya chungu, akakilamba. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee Arvo! Unaotesha au unapika supu? Maji haya umechota wapi?"

"Bombani."

"Bomba lako linapita kwenye mtambo wa kulainisha maji, au siyo? Ule unaoutilia magunia ya chumvi?"

Arvo akainamisha kichwa. Maji ya visima vya huku ni magumu, yana chuma, yanageuza mashati kuwa mekundu, kwa hiyo kila nyumba ina mtambo wa chumvi. Hilo ndilo kosa la mwanzo la kila mtu wa huku.

"Sikiliza," Duane alisema, akipangusa machozi ya kicheko. "Udongo una vyake, unakusamehe. Makumbi hayana kitu. Yanashika ulichoyapa tu. Umeyapa chumvi, yameshika chumvi. Yaoshe kwa maji ya mvua mpaka yanayotoka yasiwe na ladha."

Wakaosha pamoja, mchana kutwa. Duane alionyesha mbolea ya kuchanganya na namna ya kumwagilia mpaka maji yapite chini kila siku. Hakutaka malipo. Arvo alimshukuru akitazama kando.

Mimea ikanawiri. Duane akamfundisha Arvo kuchemsha majani yaliyopogolewa kwenye siagi na kumpaka Lempi vidoleni. Baada ya wiki chache vidole vikaanza kunyooka, na Jumamosi moja nyumba ikanukia iliki. Arvo alipoona mkate mezani alikwenda kusimama nyuma ya ghala la kuni, akalia.

Wakati huo mzizi ulikuwa umeshatoka.

Ulitoka chini ya chungu cha kati, mweupe, mnene kama kamba ya viatu. Ulivuka sakafu, ukaufikia ukuta, ukapanda pembeni mwa ngazi ukifuata kila kidato. Wiki iliyofuata ulikuwa jikoni. Lempi alifagia huku na huku akiukwepa. Mchungaji alipokuja kunywa kahawa aliuvuka kwa mguu mrefu, akasema una afya. Mzizi ukanyoosha njia mpaka kwenye ukuta wa dirishani, ilipo simu ya zamani ya kamba. Simu hiyo ilikatwa laini miaka mingi iliyopita; ilibaki ukutani kwa sababu chini yake rangi haijafifia. Mzizi ukaanza kuipanda.

Arvo aliuona. Hakushangaa kwamba mzizi umepanda. Alichoogopa ni mahali ulikokwenda. Akachukua kisu, akaukata usawa wa ngazi. Mchana ule mmea ukalala, na ilipofika jioni vidole vya Lempi vilikuwa vimejikunja tena, hata kijiko kikamponyoka. Lempi alikiacha sakafuni. Alimtazama mumewe tu. Asubuhi mzizi ulikuwa umerudi palepale, mnene zaidi, na Arvo akaweka kisu kwenye droo.

Kuanzia hapo, Duane akija kutazama mimea, Arvo alimpitisha mlango wa nje wa chumba cha chini.

"Jikoni kuna rangi mbichi," alisema.

"Rangi gani haikauki wiki tatu, mzee?"

"Rangi ya bei rahisi."

Jumamosi jioni ilikuwa sauna, kama kawaida. Arvo ndiye mwenye sauna, baba yake aliijenga, na Duane alikuwa akija tangu utotoni, na alipotoka jela akarudi. Wazee wa Kifini waliokuja huku waliacha desturi: ndani ya sauna mtu hukaa kama kanisani. Hakuna ugomvi, hakuna madai, hakuna kuulizana ya moyoni. Kwa miaka yote Arvo alijificha nyuma ya desturi hiyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Arvo ndiye aliyeshika kata, akimwaga maji juu ya mawe mvuke upande, mtu asimwone uso.

"Nina mjukuu anabatizwa kesho," Duane alisema ndani ya mvuke. "Shawna kaniambia wakitoka kanisani watakuja ukingoni mwa mto. Watamwinua nimwone kwa darubini."

Arvo akamwaga kata nyingine. Ngozi ilikuwa inamwasha mwili mzima, na si kwa joto.

"Vizuri," alisema.

Maua yalipoiva, Duane alikuja na mkasi wake mwenyewe. Alianza na chungu cha kati. Alikiinua kukisogeza, kikakataa kusogea. Akainama, akaona mzizi. Mkulima akiona mzizi umetoka chunguni huufuata ajue unatafuta nini, ndiyo kazi yake. Duane akaufuata ukutani, akaufuata ngazini. Arvo alimwita kutoka nyuma, akasema rangi, rangi. Duane akafungua mlango wa jikoni.

Lempi alikuwa akikanda unga. Mzizi ulikuwa umeuzunguka mkonga wa simu na kuuinua kidogo, na ndani yake mtu alikuwa anazungumza. Duane akauchukua mkonga, akauweka sikioni. Ilikuwa sauti ya Arvo wa zamani, ya mwanamume mwenye nguvu zake, haina haraka.

"Nyumba ya Paquin," ilisema. "Theluji haikai kuzunguka ukuta wao. Kila nyumba ina theluji, yao imeyeyuka mpaka nyasi zinaonekana. Chini mna taa. Mnajua taa za nini. Hapana, jina langu halihusu."

Kisha kwa mbali, sauti ya mwanamke kijana: "Arvo! Kahawa inapoa!"

Kisha ikaanza upya. Duane aliisikiliza mara mbili. Lempi aliacha kukanda, mikono ndani ya unga.

"Haikuwa ikipoa," Lempi alisema. "Ilikuwa bado juu ya jiko inachemka. Nilimwita ili anyamaze."

"Ulijua, mama Lempi?"

"Nilijua. Mama yako alipougua nilimpelekea supu kila siku. Sikumwambia."

Duane akarudisha mkonga mahali pake taratibu, asiukwaruze mzizi. Akamgeukia Arvo, aliyekuwa mlangoni ameshika nguzo.

"Nilikukosea nini, mzee?"

Arvo alitafuta sababu kubwa. Alitamani kuwe na sababu kubwa. Alikumbuka vijana na kanisa na yote aliyoyasema na kikombe mkononi, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

"Uliniziba njia," alisema. "Kwa gari lako la kusukuma theluji. Nilikuwa nimetoka kuichota asubuhi nzima, ukapita ukairudisha yote."

Duane akafikiri.

"Kweli," alisema. "Nilikuziba. Nilikuwa na haraka."

Akashuka chini, akamaliza kuvuna, kwa sababu maua yaliyoiva hayangoji. Akayaning'iniza gizani, akafagia majani, akaosha mkasi. Akitoka aliliona kovu la kisu, akasema mzizi usikatwe tena, la sivyo vidole vya mama Lempi vitarudi vilivyokuwa.

Arvo hakulala vizuri tangu siku hiyo, na hatukumpa pole. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Habari tulishaipata. Simu ile ilikuwa ikisema kila asubuhi wakati wa kahawa, na watu wakipita kuchukua mkate waliisikia. Walichukua mkate, wakasema asante.

Jumamosi Arvo aliwasha sauna akiamini atakaa peke yake. Duane akaja na taulo lake begani, akakaa benchi ya juu, mahali pake.

"Duane," Arvo alianza. "Nataka niseme kwamba mimi..."

"Tuko kwenye sauna, mzee."

"Najua. Lakini..."

"Hapa hatusemi hayo. Baba yako ndiye aliyenifundisha. Mwaga maji."

Arvo akamwaga maji. Nje ya sauna alijaribu mara nyingine, na kila mara Duane alikuwa na haraka, au gari lilikuwa linanguruma, au alisema tutaongea Jumamosi.

Theluji ikaanguka. Kila nyumba ikawa nayo kiunoni, isipokuwa kwa Arvo: kuzunguka ukuta wake nyasi zilionekana, kwa joto la taa za chini. Mtaa mzima uliona. Hakuna aliyepiga simu popote. Duane alisukuma theluji barabarani na gari lake, na alipofika kwa Arvo alizima, akashuka, akasafisha njia kwa koleo mpaka kwenye ngazi. Arvo alitazama dirishani. Angeshukuru zaidi kama angezibwa.

Jumapili moja Duane aligonga. Alikuwa na kofia ya mtoto ya sufu, nyekundu.

"Mzee, wewe huzuiwi darajani," alisema. "Mpelekee mjukuu wangu hii. Na mama Lempi akipenda, na mkate."

Arvo alisema ndiyo kabla hajamaliza kusikia. Lempi akafunga mkate kwenye kitambaa, mafundo mawili, vidole vyake vikifanya kazi vizuri. Darajani askari mwenye adabu alimuuliza Arvo kama ana chochote cha kutangaza.

"Mkate," Arvo alisema. "Na kofia."

"Hujawahi kufungwa, mzee wangu?"

"Mimi? Hapana. Sijawahi."

"Pita. Jumapili njema."

Shawna alimkumbatia mlangoni. Ana macho ya Rosella yaleyale.

"Baba anakusema kila siku," alisema. "Anasema nyumba yako ndiyo anayokwenda Jumamosi. Sijui tungekushukuruje."

Arvo alitazama viatu vyake. Duane hakuwa amemwambia nani alipiga simu, wala Arvo hakumwambia. Alikuwa na maneno yote tayari kinywani, na Shawna akamwekea mtoto mikononi.

Wakateremka mpaka ukingoni, theluji ikilia chini ya viatu. Ng'ambo ya maji, mdogo kuliko njiti, Duane alikuwa amesimama na darubini usoni.

"Mwinue, babu," Shawna alisema. "Wewe ni mrefu. Mwinue baba amwone."

Arvo akamwinua mtoto juu ya kichwa chake. Mtoto alikuwa mzito, wa moto, ananukia maziwa, na kofia nyekundu ilimkaa sawasawa. Ng'ambo, Duane akavua kofia yake, akapunga, akapunga tena. Arvo hakuweza kupunga, maana mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto. Akaendelea kumwinua mpaka mabega yakauma, na hakuna aliyemwambia amshushe.