Ekseli Iliyokataa Kukatika

Ekseli ya nne ya toroli ilikatika Jumanne asubuhi ndani ya chumba cha kugandishia, na minofu ya sangara ikatapakaa sakafuni ikilia kama vigae. Ilikuwa mwaka 1995, kiwanda kikiwa na miezi minne tu tangu kifunguliwe kando ya ziwa pale Mwanza. Meneja, Bwana Iqbal, alimgeukia msukuma toroli.

"Mzee Ndalahwa, unazigonga ukutani! Kuanzia Ijumaa usije tena kazini."

Akeyo, fundi mitambo mgeni kutoka Shirati, damu ilimchemka. Mzee yule alisukuma toroli kana kwamba zimebeba mayai!

"Bosi, kosa si la mzee, ni la baridi. Mle ndani ni nyuzi arobaini chini ya sifuri. Chuma hiki kikipoa kiasi hicho hakipindi tena, kinakatika tu."

"Chuma nacho kinaogopa baridi?" Iqbal alicheka. "Haya, nionyeshe."

Akeyo akahangaika mjini hadi akapata kipande cha chuma kilichochanganywa na nikeli, madini yanayokifanya kistahimili baridi, akakichonga kiwe ekseli. Akailaza kwenye baridi pamoja na ekseli moja ya kawaida.

Alhamisi mchana kiwanda kizima kilijaa karakana, akina mama wa minofu na visu vyao mkononi. Akeyo alianza na ekseli ya kawaida ambayo haikupozwa. Akaibana kwenye jiliwa, akaipiga nyundo. Ikapinda. Akatoa ile ya kawaida iliyolala kwenye baridi, iliyoletwa ndani ya beseni la barafu kutoka chumba cha kugandishia. Pigo moja, kah! Kipande kikaruka, watu wakainama.

"Hii ya nikeli nipe niipige mwenyewe," Iqbal alisema, akikunja mikono ya shati.

Akeyo akafumba macho. Nyundo ikashuka. Alipofumbua, ekseli ilikuwa imepinda tu, nzima kabisa.

Vigelegele! Iqbal akapiga tena, na tena, akicheka kama mtoto, mpaka akateleza kwenye magamba ya samaki yaliyodondoka kutoka nguo za akina mama, akaketi pwaa ndani ya lile beseni la barafu.

"Nitoeni upesi," alisema, meno yakigongana, "mimi sina nikeli!"

Karakana ikalipuka kwa kicheko. Mzee Ndalahwa ndiye aliyemvuta mkono.

"Mzee wangu, nisamehe. Kesho uje."

"Nitakuja, bosi. Na wewe uje mkavu."

Akeyo alicheka hadi kwikwi ikamshika. Iqbal, suruali ikichuruzika maji, alikuwa akimwuliza ekseli thelathini zitachukua siku ngapi, naye kila akijaribu kusema "saba," kwikwi inamrudisha kwenye "sa."