Picha Kwanza, Mdomo Baadaye

Daktari wa meno ya watoto alikuwa akivaa glavu alipoisikia mashine mpya ya picha ikinguruma chumba cha pili. Hakuwa amemtuma mtoto yeyote kule.

Alimkuta shemeji yake, mwenye kliniki, amekunja mikono mbele ya dirisha la kioo kizito. Ndani alisimama binti wa shemeji huyo, kidevu juu ya kibao, akigeuza shingo kuufuata mkono mkubwa wa mashine uliokuwa ukimzunguka kichwa.

"Karibu, shem. Nimekuletea Kibogoyo wako. Picha ya pande tatu, kichwa kizima! Mashine ni ya baba yake, apunjwe kwa nini?"

"Nani amemwangalia mdomo?"

"Si ndiyo utamwangalia sasa? Picha kwanza, mdomo baadaye. Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na nani? Na mashine?"

Kijana mpiga picha alikohoa kuficha kicheko, kisha akaitazama skrini na kunywea. Mtoto alikuwa ametikisika. Meno yalionekana mawilimawili, kama vitu vilivyozama kwenye maji yanayochemka.

"Haisomeki. Tumrudie?"

"Mrudie," alisema shemeji.

"Thubutu!"

Daktari alilisema kwa sauti ya chini. Hasira yake ilikuwa ya namna hiyo. Waliomjua waliona heri wapigiwe kelele.

Akamshika mtoto mkono hadi kwenye kiti chake.

"Mama mdogo, mbona umenuna?"

"Sijakununia wewe. Fungua mdomo, tuone huo ukibogoyo."

Jino moja la mbele la juu lilikuwa limeota zamani. Mahali pa mwenzake palikuwa na fizi tupu, ndipo lilipotokea jina la Kibogoyo. Alipapasa kwa kidole, akahisi uvimbe mgumu. Akapiga eksirei ya kawaida, ile ndogo ya jino moja, kisha nyingine kutoka upande. Jino lilikuwamo, ila lilizibwa njia na kijino cha ziada, kifupi kama kigingi. Tatizo ni kwamba katika picha zote mbili kigingi kilikuwa kimelala juu ya mzizi wa jino zima la jirani. Kimeugusa au hakijaugusa? Picha bapa haikusema. Na daktari wa upasuaji akikichimba kwa kubahatisha, angeweza kuukata mzizi huo, mtoto akabaki na mapengo mawili badala ya moja.

Alizitazama tena, akizigeuza kwenye mwanga. Alitamani mno zitoshe. Hazikutosha; ilibaki ile ya pande tatu.

Shemeji, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akacheka. "Umezunguka kote huko, umerudi palepale kwangu."

"Sijarudi kwako. Mimi nina swali moja, katika kipande cha taya kisichozidi kidole gumba. Wewe umemulika macho, ubongo na shingo ya mtoto anayekua, huna swali, na jibu hukupata. Hii ya pili ndiyo ingekuwa ya kwanza, na ya pekee."

"Mionzi yenyewe kidogo tu, shem."

"Kama ni kidogo, kwa nini wewe unajificha nyuma ya kioo?"

Shemeji akajiondoa begani kwake.

Daktari alimwagiza mpiga picha apunguze eneo, apunguze nguvu, halafu auzungushe kwanza mkono mtupu, bila mionzi, mtoto auzoee. Akamwinamia binti wa dada yake. "Fumba macho. Ukiufuata tena huo mkono, nitakuita bundi." Mtoto alicheka mpaka akachoka kucheka, ndipo akatulia tuli. Mashine ikazunguka.

Safari hii kila kitu kilionekana. Kigingi kilikuwa nyuma, upande wa kaakaa, na kati yake na mzizi palikuwa na nafasi ya kupitisha chombo.

"Litaota?" aliuliza mtoto.

"Kikitolewa hicho, tunalitegemea liote."

Shemeji akashusha pumzi, akanyoosha mkono. "Basi yaishe, shem."

"Nenda kwanza kamweleze mkeo kwa nini mwanawe amepigwa picha na mashine hii mara mbili."

"Sasa unataka kunichongea nyumbani?"

Daktari alimgeukia mpiga picha. "Tangu mashine hii ije, ni watoto gani wamepigwa picha kabla ya mtu kuwaangalia mdomo?"

Kijana akamtazama bosi wake, akatazama viatu vyake.

"Wote, daktari."

Kwenye korido mama mmoja alikuwa tayari anakuja na mtoto wake mdogo, anaufuata mshale wa chumba cha picha kama walivyoelekezwa mapokezi. Daktari alitoka mbio, akaufunga mlango wa chumba hicho na kuuegemea kwa mgongo.

"Shem, toka mlangoni, wagonjwa wanakuona."

"Na wanione." Kisha kwa mama yule, taratibu: "Karibu, dada. Mtoto anaanzia kwenye kiti changu."