Pa Kuzilaza Nyimbo za Ndani

Kompyuta ya Shangazi Munira ililazwa juu ya mto wa sufi katikati ya mkeka, ikafunikwa kanga, na wanawake watatu wakaizunguka kama waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Kila baada ya muda ilitoa mlio mdogo tumboni: ka, ka, ka. Kisha kimya. Bi Chausiku wa jirani akatikisa kichwa, akasema, "Maskini."

Wa nne pale mkekani alikuwa Shamimu, na kwa cheo alikuwa daktari. Alikuwa amerudi likizo ya Juni kutoka shule ya bweni, akiwa na sifa mbili: kuijua kompyuta, na utundu uliokubuhu. Wiki hiyohiyo alikuwa ameugeuza mlio wa simu ya shangazi yake ukawa wa jogoo, na jogoo huyo aliwika katikati ya kikao cha ofisi. Lakini leo hakuna aliyemtazama kwa mashaka, maana ndani ya kompyuta ile ilikaa sauti ya bibi yake.

Bibi Mwanaheri, mmoja wa wale watatu, alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa mtaa ule wa Mbagala walipita mikononi mwake. Kabla hajapasuliwa koo, bintiye Munira alimrekodi nyimbo zote za ndani, zile wanazofundishwa wasichana wanapochezwa unyago. Upasuaji ulimwacha na uhai wake, ukaondoka na sauti. Sasa alinong'ona tu, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Na nyimbo zile hazikuwa na nakala nyingine popote duniani.

Zilikuwa na sharti pia: aliyechezwa ndiye husikia. Mwanamume hasikii. Msichana ambaye hajachezwa, kama Shamimu, ambaye kila likizo alijikuta ana mtihani wa kujiandalia, naye hasikii. Ndiyo maana fundi Edgar wa Kimara hakuruhusiwa hata kuigusa ile mashine. Alitoa ushauri kwa simu: "Diski inakufa hiyo. Hamisheni vitu leo, na msiizimezime ovyo."

Kuhamisha, sawa. Kuhamishia wapi?

Shamimu aliinuka, akakohoa kama mkuu wa shule mbele ya paredi. Kwenye sinia alikuwa amepanga flashi, kadi ya kumbukumbu ya simu, CD na diski ya nje ambayo shangazi yake aliibeba kutoka kwake Madale ndani ya mfuko wa mkate.

"Waheshimiwa makungwi," alisema, "wagombea wetu ni hawa."

"Anza na hicho kidogo," alisema Bi Chausiku.

"Hii ni flashi. Nyepesi, inachomekwa popote."

"Popote! Mpwa wangu Badru anayo kama hiyo. Asubuhi iko kwenye redio ya kinyozi, jioni iko kwenye spika za singeli. Kitu kinachoingia kila redio hakina adabu. Siku moja nitamsikia Mwanaheri anaimba ya ndani kwenye harusi ya watu."

Flashi ikashindwa. CD ikafuata, ilichubuka kwa kutazamwa tu, na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kuona deki nzima. Diski ya nje ilisifiwa kwa ukubwa wa tumbo, ila Shamimu alikiri kwamba ikianguka inaweza kufa kama mwenzake pale juu ya mto.

"Na mtandaoni?" aliuliza Shangazi Munira. "Ofisini tunaweka huko. Nyumba ikiungua, vitu vipo."

"Unaweka nywila, shangazi, hakuna anayefungua."

Bibi Mwanaheri aliinua kidole. Wote wakainama kumsikiliza.

"Huko mtandaoni," alinong'ona, "anayelinda ni mwanamke?"

"Ni makompyuta tu, bibi. Yamejaa kwenye majengo makubwa, nchi za mbali."

"Na anayeyafagilia?"

 Katika masomo yote ya kompyuta ya Shamimu hakuna mwalimu aliyewahi kuligusa suala la mfagiaji.

Basi ikaamuliwa: diski ya nje iende Madale, ikae sandukuni kwa Munira ndani ya kanga; kadi ibaki Mbagala, kwenye simu ya Bi Chausiku, ambaye hakuwahi kumwazima mtu simu tangu aijue. Shamimu akachomeka, akabonyeza alama ya nyimbo iliyokuwa kwenye kioo, akanakili huku, akanakili kule. Kufumba na kufumbua.

"Zoezi limekamilika!"

Bi Chausiku akapiga vigelegele. Hakuna aliyesikiliza nakala: Shamimu haruhusiwi, na wakubwa waliona ni utovu wa heshima kumkagua daktari. Kompyuta ikazimwa ipumzike.

Kisha ikaja saa ile ya baada ya chakula, ambayo Mbagala nzima hupunguza sauti. Upepo wa kipupwe ulilivuta pazia nje ya dirisha ukalirudisha, kama nyumba inapumua. Harufu ya udi ilizunguka chumbani bila haraka. Shamimu alijilaza, macho yakamlegea, akaziona zile nyimbo: zilikuwa wasichana waliojifunika kanga, wamekaa wameegemea ukuta, vichwa chini, wakingoja kuitwa. Akawasogelea wale waliohamia kwenye diski. Akafunua kanga ya kwanza. Hakukuwa na mtu ndani.

Alikaa kitako ghafla. Bwenini, kunakili filamu moja tu kulichukua muda wa uji kupoa. Nyimbo hizi zote zimepitaje kwa mara moja? Akaikumbuka ile alama, na mshale mdogo kwenye kona yake. Hakuwa amenakili nyimbo. Alikuwa amenakili kibao cha kuelekeza zilipo.

"Shangazi," alisema, na sauti yake haikuwa na kikohozi cha mkuu wa shule. "Fungua kwenye simu ya Bi Chausiku. Mie natoka nje."

Hakufika mlangoni. "Inasema haipo," alisema Munira. "Shamimu, zote inasema hazipo!"

"We mtoto! Ndiyo utani gani huu?"

"Si utani, Bi Chausiku. Wallahi leo si utani."

Kompyuta haikukubali kuwaka. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Bibi Mwanaheri aliweka kiganja juu yake, kama alivyozoea kuwashika wasichana wenye hofu, na labda ni kiganja hicho, labda ilikuwa imepoa tu, kioo kikawaka.

Safari hii walikwenda wimbo mmoja mmoja. Shamimu alinakili, bibi, hedifoni masikioni, alisikiliza nakala mpaka mwisho ndipo akaruhusu unaofuata. Yeye ndiye alipanga nani aokolewe kwanza. Hakuanza na zile za kuchezea ngoma kubwa. Alitaja kawimbo kafupi, ka kumwimbia msichana anayelia usiku wa kwanza.

Shamimu hakusikia kitu. Aliona midomo tu. Ilifuata maneno, na uso wa bibi ukawa mchanga, ukawa mzee, ukacheka kitu cha aibu, ukatulia. Mwanamke asiye na sauti alikuwa anajisikiliza anavyoimba, na jua likatambaa mkekani kutoka goti lake mpaka goti la Munira.

Uliobaki ulikuwa mmoja, mrefu kuliko yote, wa siku ya kumtoa mwali nje. Ulipofika nusu, kompyuta ikagonga kwa nguvu, kioo kikawa cheusi. Haikuwaka tena, si kwa kiganja, si kwa dua ya Bi Chausiku.

"Mnaujua?" aliuliza Shamimu.

 Munira na Bi Chausiku, kila mmoja aliujua mwanzo. Mwisho siku zote aliimba Mwanaheri peke yake.

Bibi alivua hedifoni. "Sogeeni," alinong'ona. "Karibu zaidi. Sirudii mara nyingi." Kisha akamtazama mjukuu wake kwa upole mwingi. "Wewe, nje."

Shamimu alitoka na kompyuta iliyokufa mikononi. Ndani yakaanza makofi laini, yakakatika, yakaanza upya. Dirisha likafunguka.

"We Shamimu, toka hapo!"

"Sisikii kitu, Bi Chausiku!"

"Endelea kutosikia, mbali zaidi!"

Akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, akasimama kati ya mashuka yaliyokuwa yakipepea. Makofi yalimfikia kwa taabu, kama ya nyumba nyingine, ya mwaka mwingine.

"Bibi!" alipaza sauti. "Desemba sina mtihani!"

Makofi yalisimama kidogo, kisha yakaendelea.