Wa Mwisho Ameshapita

Mashindano ya baiskeli ya kutoka Voi hadi Wundanyi yalipokaribia, Jedidah alikuwa amekata shauri: mwaka huu hajitolei. Miaka yote alipewa kona moja juu ya Mwatate, asimame na bendera nyekundu kuzuia magari baiskeli zipite salama. Hakuwahi kulalamika. Lakini mwaka jana baiskeli zilipita, jua likapanda, likaanza kushuka, naye bado anasimamisha malori. Hatimaye dereva mmoja akamwambia kwamba huko Wundanyi zawadi zimeshatolewa na watu wanakula. Alikunja bendera akarudi nyumbani kwa miguu.

Firdaus, msichana wa duka la vitambaa mjini Voi aliyesimamia watu wa kujitolea, alimfuata nyumbani. Akamwamkia, akaketi, akatoa fulana mpya na cheti. Alieleza kuwa wengi wamejitoa, na kamati imekubali kuwaongezea posho watakaosimama.

Jedidah aliikunja fulana vizuri, akamrudishia.

"Mwanangu, fulana ninazo. Mliniacha barabarani nikilinda mbio zilizokwisha. Hata simu hamkunipigia."

Firdaus hakujitetea. Aliuliza wenzake Jedidah waliojitoa walisimama wapi. Jedidah akawataja: Noah wa darajani, Mutheu wa njia panda. Wote walikuwa wa sehemu za mbali. Waliobaki ni wale wa Wundanyi, wanaoona washindi. Firdaus aliaga bila kumbembeleza, na hilo ndilo lililomfikirisha Jedidah wiki nzima.

Siku yenyewe ilipofika alijiambia anakwenda kutazama tu. Akakuta bendera imeegemezwa kwenye kibao cha barabara, mtu hakuna. Akaichukua.

Baiskeli zilipita kwa kishindo, kisha mojamoja. Nyuma ya mwanamume mmoja mnene aliyelowa jasho ikaja pikapu polepole, Noah na Mutheu wameketi nyuma na bendera zao. Firdaus akachungulia dirishani.

"Wa mwisho ndiye huyu, Mama. Kazi imekwisha, ahsante sana. Panda twende tumwone akifika."

Wakapanda mlima kwa mwendo wa yule mwanamume. Aliposhuka kuisukuma baiskeli, walimngoja. Wundanyi walikuta viti vinakusanywa, na waliomshangilia ni wao wa pikapu tu. Jedidah alipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Walipokuwa wakiteremka, alimwuliza Firdaus daraja la Noah mwakani litasimamiwa na nani, kwa maana Noah mwenyewe amesema bado hajaamua.