Jiwe la Mayige

"Baba, jiwe liko wapi?" Lukresia aliuliza kwa mara ya tatu, macho kwenye skrini ya kupimia kina.

Mayige alikaza mkono kwenye mpini wa mashine. Tangu asubuhi alikuwa akiiendesha boti ya wapimaji wa ziwa nje ya Lamadi, huko na huku kama anayelima kwa maksai, na tangu asubuhi alimshuku mwanamke huyu mpimaji, anayemwita baba kwa heshima tu. Ofisi yake iko Bariadi. Ziwa liko huku. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mgeni gani huyu anayeulizia jiwe la mtu?

Jiwe Mayige alirithi kwa marehemu baba yake. Halionekani juu ya maji, ila sato huzaliana hapo, na ndilo lililowalisha watoto wake wote. Sheria ya nyumbani ilikuwa moja: ukiona boti inakufuata, tupa nyavu pengine, vuta maji matupu, uonekane mjinga.

"Pale," alisema, akionyesha kaskazini.

Lukresia akagusa skrini. Alama nyekundu ikakaa. "Asante, baba. Ijumaa tunajaribu meli ya kubeba pamba. Inajiendesha yenyewe, haina nahodha. Inaamini ramani tu."

"Kwa hiyo ndani hamna mtu?"

"Siku ya majaribio nitakuwemo mimi."

Labda ananilaghai, Mayige aliwaza. Watu wa ofisini wanajua kukamua huruma. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii yake ilikuwa inaishia kwa mtoto wa mtu majini. Hofu ikamshika kwelikweli. Akageuza boti, akazima mashine, akazamisha kasia. Lilizama nusu tu, likagota kwenye jiwe.

"Andika hapa, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Pale futa. Na usimwambie mtu."

"Hilo siwezi kuahidi, baba. Ramani itaonwa na kila mwenye simu."

Roho ilimuuma. Akachomoa kasia majini.

"Andika."

Ijumaa meli ilipita mbali na jiwe, Lukresia akipunga mkono. Mayige naye akapunga kutoka kwenye mtumbwi wake, na kusema kweli alifurahi. Kisha akaona boti mbili ngeni zinakuja, kijana wa mbele ameinamia simu.

Mayige alipiga kasia haraka kuelekea kaskazini, akatupa nyavu, akaanza kuvuta maji matupu. Zile boti zikampita bila hata kumtazama, moja kwa moja hadi jiweni.